Maisha ya Thorleif Schjelderup-Ebbe na Daftari Lake la Kuku



Katika matoleo yaliyopita ya gazeti letu tumesoma maisha ya wafalme, majemadari na wavumbuzi wa mitambo. Muhula huu Mhariri ameniomba mimi niandike, nami nimemchagua mtu ambaye hakupata kuongoza jeshi wala kutawala hata tarafa moja. Sifa yake aliipata kwa kutazama kuku wakila. Jina lake ni Thorleif Schjelderup-Ebbe. Najua ni jina gumu. Mimi mwenyewe nilipolikuta kitabuni mara ya kwanza nililiruka kama mtu arukavyo dimbwi njiani. Mwanzo wake hutamkwa karibu na Shelderup, na ukilisema mara 3 mdomo utalizoea.

Ijapokuwa wengi wetu hatulijui jina, kazi yake yajulikana dunia nzima. Wale wanaosoma Kiingereza watakuwa wamekutana na usemi unaoeleza vyeo vya watu, ofisini au jeshini, kwa mfano wa kuku wanaodonoana. Usemi huo chanzo chake ni mtu huyu, na kila asomaye elimu ya tabia za wanyama hana budi kupita katika mlango alioufungua yeye.

Sababu ya pili ya kumchagua ni ya nyumbani. Kwangu Nyegezi nina kuku majike 11 na jogoo 1. Kila asubuhi nikiwamwagia pumba na vichwa vya dagaa naona jambo lile lile: mmoja atangulia kula, wengine wananyoosha shingo na kungoja, na mmoja mnyonge, mwenye upara mgongoni, azunguka ukingoni mpaka wenzake washibe. Nilipokuwa mtoto kule Ukerewe niliona hayo hayo katika uwanja wa bibi yangu. Bibi aliwajua kuku wake mmoja mmoja, na alijua nani ni mkubwa wa nani. Mimi na bibi na maelfu ya watu wengine tulitazama, tukaona, tukaenda zetu. Bwana Schjelderup-Ebbe alitazama akaandika.

Alizaliwa tarehe 12 Novemba 1894 katika mji mkuu wa Norwei, ambao siku zile uliitwa Kristiania na tangu mwaka 1925 waitwa Oslo. Norwei ni nchi ya kaskazini kabisa mwa Ulaya, yenye milima, theluji na bahari iliyoingia ndani ya nchi kwa vidole virefu. Baba yake, Axel Ebbe, alikuwa Mswidi, naye alikuwa mchongaji wa sanamu. Mama yake, Menga Schjelderup, alikuwa Mnorwei, naye pia mchongaji. Mtoto akachukua majina ya pande zote mbili. Nadhani kukua kwa watu wanaochonga kulimfaa, kwani mchongaji hawezi kufanya kazi yake bila kutazama kitu kimoja kwa saa nyingi.

Wakati wa kiangazi familia ilikuwa ikikaa nje ya mji, mahali palipokuwa na kuku. Kijana Thorleif akawapenda kuku hao kuliko michezo yote. Wengine wangesema ni utoto, utamwisha. Haukumwisha. Alipofika umri wa miaka 10 hivi alikuwa na daftari lake, naye aliandika humo kila kuku kwa jina lake, nani kamdonoa nani, na nani kakimbia. Hakuwa na mwalimu wa kumwelekeza wala chombo chochote cha kitaalamu. Alikuwa na penseli, macho, na subira ambayo watu wazima wengi hawana.

Sasa ngoja nieleze aliyoyaona, maana pasipo hayo maisha yake hayaeleweki.

Ukichukua kuku wawili wowote katika kundi moja, mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo. Mkubwa humdonoa mdogo penye chakula, penye maji na penye kitulio cha kulalia, naye mdogo harudishi. Jambo hilo huamuliwa siku wanapokutana mara ya kwanza. Pengine hupigana mpaka mmoja ashindwe. Pengine mmoja huogopa tangu mwanzo akainamisha kichwa bila vita. Baada ya siku hiyo kesi imekwisha, na mara nyingi mkubwa hahitaji hata kudonoa, kwani kumtazama mwenzake kwatosha. Kwa hiyo kundi ambalo vyeo vyake vimekwisha amuliwa huwa na utulivu, kuku hula na kutaga, na damu humwagika mara chache. Vurugu huanza anapoletwa kuku mgeni. Wenyeji wako kwao, mgeni yuko ugenini, naye hata akiwa na nguvu huanza karibu na chini kabisa.

Fikirini kazi iliyomo katika kuchunguza jambo hili. Kuku 11 hufanya jozi 55, kwa sababu kila mmoja ana wenzake 10, na 11 mara 10 ni 110, lakini kila jozi imehesabiwa mara mbili. Ili kujua cheo cha kila mmoja, hapana budi kuona jozi zote 55 zikigombana, nazo hazigombani kwa kukupendeza wewe. Mwaka juzi nilijaribu mimi. Nilifunga nyuzi za rangi miguuni mwa kuku wangu, nikachukua daftari la shule, nikakaa juu ya jiwe. Siku ya nne nilikuwa nimepata jozi 31 tu na mgongo wauma. Ndipo nilipoanza kumheshimu mtoto yule wa miaka 10.

Katika daftari langu mlikuwa na jambo lililonisumbua, nikadhani nimekosea. Kuku niliyemwita Chongo alimdonoa Madoa. Madoa alimdonoa Kisigino. Lakini Kisigino, badala ya kumwogopa Chongo, alimfukuza mpaka nyuma ya tangi la maji. Nilifuta, nikatazama upya, nikaona ni vile vile. Baadaye nikasoma kwamba Bwana Schjelderup-Ebbe alikwisha yaona mambo hayo na kuyaeleza: vyeo vya kuku si ngazi iliyonyooka daima, bali pengine hujikunja vikawa pembe tatu, kwa kuwa kila jozi iliamuliana peke yake, siku yake, na kwa sababu zake. Pengine Chongo alikutana na Kisigino siku aliyokuwa mgonjwa, au katika majira ya kunyonyoka manyoya. Siku moja mbaya, na cheo kikabaki.

Kitu kingine nilichokiona ni kuhusu Madoa huyo huyo. Aliumia mguu, nikamweka ndani ya sanduku jikoni kwa muda wa wiki 4. Alipopona nikamrudisha uwanjani, nikitazamia kwamba atashika mahali pake. Wenzake walimpokea kama mgeni wa kununuliwa sokoni. Kuku wadogo waliokuwa wakimpisha zamani walimrukia usoni. Kuku husahauliana katika muda wa wiki chache, na anayerudi hana budi kuanza upya.

Nikiyasoma hayo, nilikumbuka muhula wangu wa kwanza katika shule ya bweni, ambayo sitaitaja. Wakubwa walituchukulia sabuni, walitutuma maji, na kitanda kizuri nilichokipata siku ya kwanza nilikihama siku ya pili kabla sijaambiwa mara mbili. Nililia usiku chini ya shuka. Hayo nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu, nao hunihurumia. Jambo nisilowasimulia ni kwamba nilipofika kidato cha tatu nilimtuma mtoto mmoja kutoka Sengerema maji hivyo hivyo, kila jioni, wala sikuwaza lolote. Sijui yuko wapi leo.

Turudi Norwei. Mwaka 1913, akiwa kijana wa miaka 18, alichapisha makala yake ya kwanza katika jarida la sayansi la nchi yake, juu ya sauti za kuku. Kisha akaingia chuo kikuu cha mji ule kusoma elimu ya wanyama. Huko alikutana na Kristine Bonnevie, ambaye nafasi yake katika habari hii ni kubwa. Mama huyo, aliyezaliwa mwaka 1872, alikuwa mwanamke wa kwanza kupata uprofesa katika Norwei, mwaka 1912. Alikuwa hodari katika elimu ya chembe hai na urithi. Naye alikuwa ameingia katika kundi la wanaume watupu ambao hawakumtazamia. Mwanzoni alimpenda kijana huyu na kumsaidia, na kila mtu aliona kwamba njia yake imenyooka.

Kisha njia ikakatika. Yasimuliwa kwamba katika gazeti la wanafunzi yalitokea maandishi ya kumdhihaki Profesa Bonnevie, na ikasadikiwa kwamba mwandishi wake ni Schjelderup-Ebbe. Miaka mingi baadaye mwanawe, ambaye alikuwa mtaalamu wa muziki, alieleza kwamba baba yake hakuwa ndiye aliyeyaandika. Mimi siwezi kuhukumu kesi ya watu waliokwisha kufa. Naona tu kwamba mama yule alikuwa na sababu ya kuogopa dhihaka kuliko maprofesa wenzake wanaume, kwa maana cheo chake kilikuwa kipya, na wengi walikuwa wakingoja ateleze. Naye kijana hakuwa na cheo chochote cha kumkinga. Waligombana, na ugomvi huo haukupata suluhu.

Kwa mtu wa nje laweza kuonekana jambo dogo. Lakini nchi ile ni ndogo kwa watu, na wenye elimu ya wanyama walikuwa wachache, wote wakijuana kwa sura kama kuku wa uwanja mmoja. Aliyekataliwa na mmoja mkubwa hakuwa na kundi lingine la kuhamia. Tasnifu yake juu ya kuku, kazi iliyoanzia katika daftari la utoto, haikumpatia udaktari nyumbani. Aliiandika kwa Kijerumani, ikachapishwa mwaka 1922 katika jarida la Wajerumani la elimu ya nafsi. Heshima ya udaktari aliipata ugenini, katika Greifswald, mji wa Ujerumani ulio ufukoni mwa bahari. Kiti cha kufundisha katika chuo kikuu cha kwao hakukipata maisha yake yote.

Makala ile ya mwaka 1922 si ndefu, kurasa 28 tu, lakini ndiyo iliyoanzisha mambo. Baada yake wataalamu walianza kutafuta vyeo vya namna ile kwa samaki, mijusi, panya, ng'ombe na nyani, na kwa wengi waliviona. Konrad Lorenz wa Austria alivieleza kwa kunguru wadogo wa kwao. Mwaka 1973 Lorenz, pamoja na Karl von Frisch na Niko Tinbergen, walipewa Tuzo ya Nobel kwa uchunguzi wao wa tabia za wanyama. Bwana Schjelderup-Ebbe alikuwa hai mwaka huo, mzee wa miaka 78, huko huko Oslo.

Katikati ya hapo aliendelea na kazi peke yake. Aliwachunguza ndege wa aina nyingine nyingi, na mwaka 1935 sura yake juu ya maisha ya ndege katika makundi ilitokea ndani ya kitabu kikubwa kilichochapishwa Marekani. Katika sura hiyo alikwenda mbali. Alidai kwamba udikteta ni msingi wa ulimwengu mzima wa viumbe, kwamba popote wawili wanapokutana mmoja atakuwa bwana. Mimi sikubaliani naye hapo. Nikilisoma dai hilo nasikia ndani yake mtu aliyedonolewa mno, ambaye kwake hakuna tena kitu kingine cha kuona. Wapo viumbe wanaosaidiana, hata miongoni mwa ndege, na bibi yangu aliyewajua kuku wake kwa majina angemwambia hivyo. Lakini alivyohesabu alihesabu sawa, na hesabu zake zimesimama.

Aliandika mashairi pia. Alifariki dunia Oslo tarehe 8 Juni 1976, akiwa na umri wa miaka 81.

Yafaa sasa nieleze jinsi daftari lile lilivyosafiri mpaka likatukaribia sisi, maana Bwana huyu mwenyewe hakufika kwetu. Huko Chicago, Marekani, Profesa Warder Allee alisoma kazi yake na kuanza kufuga kuku kwa uchunguzi. Pamoja na wanafunzi wake alidunga kuku majike wanyonge homoni ya kiume, na mwaka 1939 wakatangaza kwamba kuku hao walipanda cheo. Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa Nicholas Collias. Yeye alipima mambo mengi ili ajue ni nini kinachomshindisha kuku siku ya kukutana, akaona kwamba ukubwa wa upanga, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, ni mojawapo ya alama za mshindi, kwa kuwa upanga hukua kwa homoni ile ile. Kwa hiyo kuku hubeba kichwani habari za nguvu zake.

Miaka ya 1950 Collias na mkewe Elsie walikuja Afrika, wakakaa Kongo ya mashariki wakiwachunguza mnana, wale ndege wa manjano wenye vichwa vyeusi wanaofuma viota vya kuning'inia. Aina hiyo ya mnana, pamoja na ndugu zake, yajulikana na kila mtu wa pwani ya Ziwa letu. Nendeni Kirumba au ufukoni kwenye matete wakati wa mvua mkaone. Dume mmoja hufuma kiota, kisha huning'inia chini yake akipiga mabawa na kulia, akiwaita majike waje kukagua. Kiota kibichi cha kijani hupendwa. Kikikauka kikawa rangi ya kahawia, majike hukipita tu, na dume hukibomoa kwa mdomo wake mwenyewe akaanza kingine. Nimewahi kusimama Kirumba nikitazama dume mmoja akibomoa, nikasahau samaki niliotumwa kununua.

Lakini hapa pana swali ambalo daftari la kuku peke yake haliwezi kulijibu. Kuku wangu 11 wanajuana kwa sura. Wataalamu waligundua kwamba kuku humtambua mwenzake hasa kwa kichwa na shingo, na ukizibadilisha sehemu hizo, wenzake humwona mgeni. Je, ndege wadogo wanaoruka katika makundi makubwa, leo na hawa, kesho na wale, watajuana namna gani? Wakipigana kila wanapokutana watakufa njaa.

Jibu moja lilitoka Marekani. Kuna shomoro mmoja wa huko, aitwaye shomoro wa Harris, ambaye wakati wa baridi hukaa katika makundi. Baadhi yao wana weusi mwingi kooni na kichwani, wengine kidogo. Mtaalamu Sievert Rohwer aliona kwamba wenye weusi mwingi huwashinda wenye weusi kidogo, hata kama hawajaonana kabla. Weusi ule ni kama tepe za begani mwa askari. Basi akafanya hila. Aliwapaka wanyonge rangi nyeusi akawarudisha kundini, na mwaka 1977 akatangaza yaliyotokea. Wanyonge wale hawakupata ukubwa. Walipigwa, na waliowapiga ni wakubwa wa kweli, kwani walivaa tepe bila kuwa na moyo wake. Mwaka uliofuata akaeleza kwamba wale waliopakwa rangi na kudungwa homoni pia walipanda cheo kweli.

Kwetu Afrika yupo ndege mweusi wa nyasi ndefu, dume lake lina mkia mrefu na ukosi mwekundu shingoni wakati wa kuzaa. Uchunguzi uliofanywa Afrika Kusini mwanzoni mwa karne hii ulionyesha kwamba ukosi huo ndio unaosomwa na madume wenzake: mwenye ukosi mkubwa na mwekundu zaidi hupata shamba na kulilinda. Mkia hautishi madume. Husomwa na majike. Ndege mmoja ana barua mbili, na kila moja ina msomaji wake.

Na je, kwelea? Hapa kila mtoto wa Usukuma atanisikiliza, kwa kuwa wengi wetu tulikosa kulala asubuhi tukiamia mtama na mpunga. Kwelea mmoja mwenye mdomo mwekundu ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, naye aweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja, basi, humaliza tani 10 kila siku ya Mungu, na makundi yao huweza kupita milioni. Ukiwatazama madume wakati wa kuzaa utaona hawafanani. Mmoja ana uso mweusi, mwingine mweupe. Mmoja kifua chake ni chekundu, mwingine cha manjano. Mimi ningeapa kwamba hizo ni tepe za cheo. Mtaalamu James Dale alichunguza, na mwaka 2000 akaonyesha kwamba sivyo: rangi za manyoya ya kwelea hazionyeshi nani ana nguvu zaidi. Maelezo yake ni kwamba rangi zile ni kama sura zetu sisi, za kumwezesha jirani kumtambua jirani mahali wanapojenga viota kwa maelfu, kila mti umejaa. Nakiri kwamba jibu hilo lilinifurahisha kuliko yote. Katika umati ule ambao sisi twauona kama wingu moja lenye njaa, yamkini kila dume ana uso wake, na jirani yake anaujua.

Sijui kama mzee wa Oslo angelipenda jibu hilo. Yeye alizoea kuona bwana na mtumwa katika kila jozi. Lakini ndiye aliyetufundisha kwamba ili kulijua kundi ni lazima kwanza uwajue walio ndani yake mmoja mmoja, kwa majina, na kuandika.

Madoa bado yuko hai. Baada ya miezi kadhaa alipanda hadi cheo cha sita, na hapo amekaa. Mwenye upara, ambaye wanafunzi wa kidato cha pili walinitaka nimpe jina, wamemwita Thorleif, ingawa ni jike na anataga. Mwezi uliopita kuku wangu wawili walikufa kwa kideri, na wapya wanne wameletwa kutoka Magu, kwa hiyo jozi zangu sasa si 55 tena bali 78, na nyingi hazijaamuliwa. Wanafunzi watano wa chama cha elimu ya viumbe huja kila Jumamosi saa 1 asubuhi kuandika. Daftari liko katika kabati ya maabara, rafu ya chini, na anayetaka kujiunga nao aje na penseli yake.